Hii ni nini hasa? Kuhusu shida ya kuyapa majina maneno ya hadharani

Mwaka juzi kulikuwa na harusi ya binamu yangu, na kama kawaida likafunguliwa grupu la kamati, watu sitini na kitu humo ndani, kazi yake moja tu, michango. Admini akaweka sheria juu kabisa: hapa ni mambo ya harusi tu, siasa na video za vichekesho peleka kwingine. Wiki tatu zikapita poa. Siku moja saa nne usiku mjomba akatuma voisi ya dakika sita. Kaanza na salamu, tena kwa majina na kwa kufuata ukubwa, kaja na dua ndefu, kaingia kwenye kisa cha harusi ya babu yake enzi hizo watu wanachangia mchele na mbuzi, kisha mawaidha juu ya udugu, halafu katikati ya mawaidha hayo hayo akapitisha kijembe kwamba wapo waliotoa ahadi mbele za watu na mpaka leo simu zao zinaita tu, hakutaja mtu ila ukoo mzima ulijua anasemwa nani. Akafunga na dua tena.

Grupu kimya. Tiki za bluu zinaongezeka tu, hakuna anayejibu. Ila kule pembeni, kwenye meseji za mmoja mmoja, moto ukawaka. Mmoja ananiambia mzee katoa nasaha nzuri sana. Mwingine anasema huko ni kumvua mtu nguo mbele ya wakwe. Mweka hazina wa kamati yeye alisikia ripoti ya madeni, basi. Admini anajiuliza kama sheria yake imevunjwa au haijavunjwa, maana voisi ni mambo ya harusi na hapo hapo siyo. Na wote hawa wamesikiliza dakika zile zile sita, hakuna aliyekosa kuelewa hata neno moja. Walichoshindwa kukubaliana ni kwamba kile kitu ni nini.

Sasa usione ni umbea wa ukoo tu. Swali la wana kamati ndo swali ambalo watu wa isimu, balagha (yaani sanaa ya kusema na kushawishi) na taaluma ya mawasiliano wanavutana nalo miaka nenda rudi: unajuaje kwamba maneno fulani ni hotuba na siyo mahubiri, ni habari na siyo tangazo, ni utani na siyo tusi? Mpaka unatoka wapi, na nani kauchora? Na mbona siku hizi kila mpaka ukichorwa, kesho yake unakuta umefutika?

Kama ulisoma Kiswahili sekondari utalikumbuka neno utanzu, yaani aina ya kazi ya maneno, na mdogo wake kipera. Fasihi simulizi ina tanzu hizi, kila utanzu una vipera vyake, unakariri, unaingia kwenye mtihani unamwaga. Mpangilio tuliokariri wengi wetu Tanzania umetokana sana na kazi ya msomi wa fasihi, Mulokozi, ya mwaka 1989, na ukimsoma mwenyewe unakuta alikuwa makini kuliko zile noti tulizonakili ubaoni, kwa sababu alitumia vigezo viwili kwa pamoja: umbile na tabia ya kazi yenyewe, halafu muktadha na namna inavyowasilishwa. Kwa lugha ya mtaani, kitu kimekaaje, na kinatolewa wapi, na nani, mbele ya nani. Sisi tukabeba kile cha kwanza, cha pili tukakiacha njiani, maana cha kwanza kinaingia kwenye jedwali na cha pili kinagoma.

Halafu neno lenyewe lina mtego. Utanzu ni tawi la mti. Ukishasema tawi umeshakubali kwamba kuna shina moja na kwamba tawi likishachipua linakwenda zake, halirudi kushikana na tawi la mti wa jirani. Maneno ya watu hayaoti hivyo bwana. Nenda kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa uangalie ile mizizi, mmoja unatoka huku unapita chini ya mwingine unaibukia kule, ukiulizwa mzizi huu ni wa mti upi unabaki unakuna kichwa. Voisi ya mjomba ilikuwa mikoko.

Njia ya kwanza ambayo akili ya mtu inaikimbilia ni umbo. Barua ina anwani na tarehe, hotuba ina itifaki, shairi lina vina na mizani, habari ina nani-nini-lini-wapi. Ni njia safi, inafundishika, na inafeli haraka sana. Waswahili tunalijua hili kuliko wengi kwa sababu tulishapigana vita nzima juu yake. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wanaofuata njia hiyo utungo usio na urari wa vina na mizani sio shairi hata kidogo, ni maneno tu yaliyopangwa mistari. Ikafika 1974 Kezilahabi akatoa diwani yake, Kichomi, tungo hazina vina wala mizani ya kuhesabu, na zimeitwa mashairi. Miaka ya sabini na themanini watu walirushiana makala kwelikweli, hawa wanasema uhuru, hawa wanasema huo ni uvivu wa kuhesabu silabi.

Ukiusikiliza ugomvi ule leo, unaona wazi haukuwa juu ya hesabu. Hakuna aliyebisha kwamba mstari una mizani kumi na sita au hauna, hilo mtoto wa darasa la sita anahesabu kwa vidole. Waligombana juu ya nani ana haki ya kulitamka neno shairi, na akilitamka, anaingia kwenye ukoo gani wa watunzi na anawajibika kwa nani. Umbo lilikuwa ndo uwanja wa kupigania, sio kitu kilichopiganiwa. Hii naomba uishike maana nitairudia nikifika Kenya na Arusha.

Tena hata mtu wa zamani kabisa tunayemuanzia kwenye mambo haya, Aristotle, hakukata kwa umbo. Aligawa hotuba za hadharani mafungu matatu: za mahakamani zinazohusu lililokwisha kutendeka, za barazani zinazoshauri lijalo, na za hafla zinazosifu au kulaumu. Watu wanakariri mafungu bila kuangalia kisu kilipita wapi. Kisu kilipita kwa msikilizaji. Kama msikilizaji anatakiwa kuamua juu ya jana ni fungu moja, akitakiwa kuamua juu ya kesho ni fungu jingine, na kama amekuja kutazama tu ni la tatu. Sasa jaribu kumtumia huyu mzee leo. Kiongozi anasimama msibani, kamera za laivu ziko pale, anamsifu marehemu, katikati anageuka anajibu tuhuma za wizi zilizoandikwa wiki iliyopita, anamaliza kwa kuomba kura za mwakani. Mafungu yote matatu yamekaa kwenye jeneza moja. Na msikilizaji ni yupi? Wafiwa waliokaa chini ya turubai? Mtu wa Houston anayeangalia akiwa kwenye lifti? Mpinzani wake anayesubiri sekunde kumi za kukata?

Basi wengine wakasema tuachane na umbo, tuangalie lengo. Hapa jina kubwa ni John Swales, ambaye mwaka 1990 alisema utanzu ni kundi la matukio ya mawasiliano yanayoshea lengo, na lengo hilo linatambuliwa na jamii ya wanaoutumia. Ni wazo zuri, na linafanya kazi sana kwenye vitu vya ofisini, barua ya maombi ya kazi lengo lake linajulikana hata na paka. Ila toka nje ya ofisi uone.

Chukua salamu za redioni. Wale tuliokua na redio ya betri tunazikumbuka kadi za salamu, unanunua kadi, unajaza majina, unapeleka, halafu unakaa na sikio kwenye spika siku hata wiki. Lengo la salamu ni kusalimiana, sivyo? Sasa mbona jirani yetu alikuwa anawasalimia mke wake na watoto wake anaokaa nao nyumba moja, na wakati salamu zinasomwa wote wamekaa kwenye mkeka mmoja pembeni ya redio hiyo hiyo? Alikuwa hasalimii mtu, alikuwa anataka jina lake lipite hewani nchi nzima ilisikie. Na watu wa upande wa pili walikuwa wanajua hivyo. Lengo la juu ni salamu, lengo la chini ni umaarufu, na yote mawili ni ya kweli. Swales mwenyewe, akiwa na Inger Askehave, mwaka 2001 alirudi akakiri kwamba lengo sio kitu unachokiona mwanzoni kikusaidie kuuweka utanzu kwenye boksi lake, mara nyingi unalijua lengo mwishoni, baada ya kuzunguka sana. Msomi kurudi na kusema nilirahisisha mno ni jambo la kumheshimia.

Hapo kuna tundu jingine lenye kuudhi. Unataka kufafanua utanzu fulani, tuseme habari feki. Unakusanya mifano mia tano uichambue uone sifa zake. Lakini uliijuaje kuwa ni mifano ya habari feki kabla hujawa na ufafanuzi? Uliokota kwa macho yako, yaani tayari ulikuwa na ufafanuzi mfukoni, na utafiti wako wote umekuja kukueleza kilichokuwa mfukoni. Kuku na yai. Wanaojitetea hapa wanatumia wazo la mwanafalsafa Wittgenstein la ndugu wa ukoo mmoja: huyu ana pua ya baba, yule ana macho ya shangazi, hakuna sifa moja walio nayo wote lakini ukiwaona kwenye picha unajua hawa ni ndugu. Inasaidia, ila ina ugonjwa wake, ukitafuta kufanana utakuta kila kitu kinafanana na kila kitu. Risala inafanana na maombi, maombi yanafanana na dua, dua inafanana na hotuba, mwisho wa siku hata risiti ya duka inakuwa ndugu wa tenzi.

Njia ya tatu ndo mimi naikubali zaidi, ingawa nayo nitaisema. Carolyn Miller mwaka 1984 aliandika kwamba utanzu ni kitendo cha kijamii, kinachozaliwa pale hali fulani inapojirudia mpaka watu wanakubaliana namna ya kuijibu. Msiba unajirudia, ndo maana tuna tanzia na rambirambi. Deni linajirudia, ndo maana kuna namna ya kumkumbusha mtu bila kumdai. Ukiitazama hivi, utanzu haumo kwenye maneno, umo kwenye makubaliano kati ya anayesema na wanaosikia kuhusu nini kinafanyika hapa, na, hili Miller hakulitilia mkazo ninaoutaka mimi, kuhusu nani atabeba lawama likiharibika.

Mfano wa pwani hauna mpinzani kwenye hili. Kanga. Kitambaa cha pamba, pindo, mji, na jina lake limeandikwa chini, maandishi yalianza kuingia zamani mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hizi za Kirumi. Mwanamke ananunua kanga iliyoandikwa mdhaniaye ndiye kumbe siye, anajifunga siku ambayo anajua wifi anakuja, anapita sebuleni mara tatu akipeleka chai. Hajafungua mdomo. Wifi akiuliza unanisema mimi, jibu liko tayari: jamani, si kanga tu hii, nimeipenda rangi. Na wifi akilipuka, yeye ndo anaonekana mgomvi. Sasa niambie kanga ni nguo, ni methali, ni barua, ni kijembe? Kwa umbo ni nguo yenye sentensi. Kwa lengo, mwenyewe anakana. Lakini kama kitendo tunajua wote kinachofanyika, na uzuri wake wote uko kwenye ile nafasi ya kukana. Jamii imempa mwenye kanga ruhusa ya kusema na dhamana ya kutoshikwa. Huo ndo utanzu.

Na ndo maana stetasi za WhatsApp, tangu zilivyoingia kwa mtindo wa sasa mwaka 2017, hazikuhitaji mtu wa kuwafundisha Waswahili namna ya kuzitumia. Saa ishirini na nne halafu inapotea, huitumi kwa mtu, unaiweka tu, anayehusika ataiona, na jina lake litakuwa kwenye orodha ya walioiona. Ni kanga yenye kaunta! Tofauti ni kwamba kanga haipigwi skrinshoti. Na tofauti hiyo ndo imeharibu kila kitu.

Kwa sababu makubaliano yote niliyoyasema hapo juu yanasimama juu ya tukio. Sebule, wifi, chai. Ukichomoa maneno kwenye tukio lake ukayapeleka kwingine, unapeleka maneno bila ruhusa yake na bila dhamana yake. Watafiti wa mitandao wanasema hadhira zinabomokeana, bosi wako, mchungaji wako, mchepuko wako na mama yako wote wamekaa benchi moja wanasoma posti moja. Mimi naona kuna zaidi ya hilo. Hadhira zikichanganyika angalau wote wanaona kitu kile kile. Klipu ni shida kubwa kuliko hiyo: sheikh anatoa khutba ya dakika arobaini, anasimulia maneno ya mpinzani ili ayajibu, mtu anakata ile sehemu ya maneno ya mpinzani, sekunde thelathini na tano, anaweka kapsheni na muziki wa huzuni, inakuwa tamko. Sauti ni ya sheikh, maneno ni ya sheikh, hakuna kilichobadilishwa, na bado ni uongo. Uongo uko kwenye utanzu. Hatuna hata neno la kawaida la kosa hili, tunasema tu kakatwa.

Twende Kenya, maana pale jambo hili lilitoka kwenye vitabu likaingia kwenye siasa kavukavu. Mwaka 2021 ulitoka wimbo wa vijana, Sipangwingwi, neno la mtaani lenye maana ya sipangwi, siamuliwi na mtu, wimbo wa kuruka tu. Kampeni za uchaguzi wa 2022 zikaukamata, ukawa hatupangwingwi, kauli mbiu ya mkutano, umati unapiga kelele, maana imeshakuwa kwamba hatupangiwi rais na wakubwa. Aprili 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ikatoa orodha ya maneno ya kuangaliwa kama lugha ya chuki, na hatupangwingwi limo, kwenye orodha moja na madoadoa, kwekwe, watajua hawajui. Watu wakacheka. Wengine wakakasirika. Neno moja ndani ya mwaka limekuwa kiitikio, likawa kauli mbiu, likawa ushahidi, na silabi zake hazijabadilika hata moja.

Ila usicheke sana, angalia jirani yake kwenye orodha. Madoadoa. Kwenye kamusi ni alama za rangirangi, chui ana madoadoa, shati lina madoadoa. Bonde la Ufa neno hilo lina makaburi nyuma yake, lilitumika kwenye machafuko ya miaka ya tisini na ya 2007 kumaanisha watu wa makabila mengine wanaotakiwa kuondolewa. Januari 2022 mwanasiasa mmoja akalitamka jukwaani Eldoret, akakamatwa, utetezi ukawa kwamba alimaanisha watu wapige kura za chama kimoja kuanzia juu mpaka chini. Kwenye utanzu wa kampeni hiyo ni maana inayowezekana kabisa, vyama vyote vinaomba kura za namna hiyo. Kwenye utanzu wa uchochezi, pale pale, kwa wale wazee waliokaa mbele na wanaokumbuka, ni kitu kingine. Maneno yale yale, jukwaa lile lile, na tofauti na klipu ya sheikh hapa hakuna aliyekata wala kuhamisha kitu. Tanzu mbili zimesemwa kwa pumzi moja. Nadharia yoyote inayotaka kila tamko likae kwenye boksi moja inakufa Eldoret.

Sasa Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa pale, na moja ya kesi zake ilikuwa ya mwanamuziki Simon Bikindi. Nyimbo zake zilipigwa sana na redio ya RTLM, na upande wa mashtaka ulitaka nyimbo zenyewe zihesabiwe kuwa uchochezi wa mauaji ya kimbari. Hukumu ilitoka Desemba 2008, miaka 15 jela. Lakini soma alichohukumiwa nacho. Majaji walikubali nyimbo zilipotosha historia na zilitungwa kueneza chuki dhidi ya Watutsi, na kwamba mwaka 1994 zilitumika kuchochea, ila hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga kwa nia hiyo ya kuua, wala kwamba yeye ndo aliyehusika na kurushwa kwake. Kilichomfunga ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti akiwa kwenye msafara wa magari barabarani huko Gisenyi mwishoni mwa Juni 1994, akiwaambia watu wawamalize Watutsi. Wimbo ulimpa mlango wa kutokea, kipaza sauti hakikumpa. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijui kama napata amani nalo. Wimbo unasikilizwa na watu wengi mno kuliko kipaza sauti cha kwenye gari, unakaririwa, unaimbwa na mtoto. Lakini wimbo una nafasi ya kukana, kama kanga, na sheria ikaiheshimu nafasi hiyo. Na ingeacha kuiheshimu, washairi wangapi wa nchi ngapi wangelala ndani kesho yake? Hapo sina jibu la kukupa.

Nyumbani Tanzania tulipata toleo letu la ukarani zaidi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, shilingi 1,000,000 ya kuanzia na 1,000,000 nyingine ya kila mwaka, ukiacha 100,000 ya maombi. Hapo ghafla swali la blogu ni nini likawa swali la pesa. Zilipoandikwa upya 2020 wakagawa kwa aina ya maudhui, habari na matukio huku, burudani kule, elimu na dini pale. Karani akikaa na fomu yake mbele analazimika kugawa, simlaumu, fomu haina kisanduku cha mikoko. Ila mchekeshaji anayeigiza mkutano wa waziri na waandishi, siku mbili tu baada ya mkutano wenyewe, na watu wengi wakaujua mkutano kupitia kwake, huyo ni burudani au matukio? Ukimuuliza mwenyewe atakwambia burudani, na atakuwa anasema kweli, na atakuwa anajikinga, vyote kwa pamoja.

Kuna kitu kingine kinanichekesha kila wiki. TAARIFA KWA UMMA. Unaijua: nembo juu, kumbukumbu namba, tarehe, herufi kubwa zilizopigiwa mstari, aya tatu zenye imebainika na inapenda kuujulisha umma, sahihi, muhuri wa bluu uliokaa upande. Ni utanzu uliotulia kuliko tanzu zote tulizo nazo, mtu akiona tu picha kwa mbali bila kusoma anajua ni nini. Na kwa sababu hiyo hiyo ndo unaoghushiwa kuliko yote. Kijana mwenye simu anabandika nembo, anaandika ajira mpya elfu kumi, jioni imefika Kigoma. Kesho yake taasisi inachukua ile ile karatasi, inaigonga neno la rangi nyekundu kwa mshazari, FAKE au UZUSHI, na chini puuzeni. Sasa puuzeni nayo imeshakuwa utanzu kamili, ina umbo lake, ina rangi yake, na siku nyingine nikiiona najiuliza, hii puuzeni yenyewe ni ya kweli? Ukitulia ukaitazama inakwambia kitu ambacho watu wa umbo hawakipendi: kadiri utanzu unavyokuwa rahisi kuutambua ndivyo unavyokuwa rahisi kuuiba.

Na usinichanganyie chombo na utanzu, kosa hili linafanywa hata na wasomi. WhatsApp sio utanzu. Podikasti je? Miaka kumi iliyopita ningesema ni chombo tu, faili la sauti. Leo mtu akikwambia wamekaa kipodikasti unaona kabisa: maiki mbili kubwa, watu wawili, masaa mawili, mmoja anasema ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Kwa hiyo chombo kinaweza kuiva kikawa utanzu, na hakuna siku maalumu ya kuiva. Unashtukia tu kimeiva.

Nimalizie na Mrusi mmoja, Mikhail Bakhtin, aliyeandika juu ya tanzu za usemi mwaka 1952 na 1953, kazi ikaja kuchapwa kamili baada ya yeye kufariki. Alisema kuna tanzu za msingi, salamu, amri za jikoni, soga, na kuna tanzu kubwa zilizochangamana, riwaya, hotuba, sheria, na hizi kubwa zinazimeza zile ndogo. Kwa simu zetu naona mambo yamegeuka, ndogo ndo zinameza kubwa: voisi, ambayo ni soga tu, imemeza hotuba ya mjomba na dua yake na ripoti yake ya fedha. Lakini alisema kingine ambacho kwangu ndo kizito zaidi. Kila tamko linasemwa likiwa tayari linasubiri jibu, na dalili ya kukamilika kwake ni kwamba linaweza kujibiwa. Ukikubali hilo, basi msemaji hana uwezo wa kuamua peke yake amesema nini. Hata alichokusudia ni nusu ya safari, nusu nyingine iko kwa anayejibu.

Nilikuja kuamini siku ile ile kwenye grupu la harusi. Baada ya ule ukimya wa karibu nusu saa, mama mdogo, ambaye ndo aliyekuwa amesemwa na kila mtu anajua, aliandika neno moja: Ameen. Akaweka na mikono miwili ya dua. Akafuata wa pili, Ameen. Wa tatu, Ameen ya rabbi. Ndani ya dakika mbili zimejaa Ameen arobaini, voisi imeshakuwa dua, kijembe kimepotea, hata yule aliyesema mtu kavuliwa nguo naye kaweka Ameen yake. Nani tena angeweza kugombana na dua?

Saa tano na robo mjomba akaandika, safari hii sio voisi: Ahsanteni wanangu, lakini mimi nilikuwa naulizia ile laki tatu.